Siasa Imo Kwenye Mshono: Jinsi Public Enemy Walivyotengeneza Albamu Yao ya Mwaka 1988

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wetu wa darasani tumezoea njia moja. Tunapewa kazi, tunaigawa mafungu mawili, fani huku na maudhui kule, halafu tunaanza kuorodhesha: dhamira ya kwanza ukombozi, ya pili matabaka, ya tatu nafasi ya mwanamke. Fani inaachiwa ukurasa wa mwisho, pamoja na jina la kitabu na picha ya jalada. Wapo wanaotufundisha kwamba fani na maudhui ni kama kikombe na kahawa, na wapo wanaosema la, ni pande mbili za sarafu moja. Sisi tunaitika yote mawili, tunayaandika kwenye mtihani, kisha tunaendelea kuwinda "ujumbe" kama kawaida.

Makala hii inakusudia kuonesha hasara ya tabia hiyo kwa kutumia kazi ambayo baadhi yenu hamtakubali hata kuiita fasihi. Ni albamu ya kikundi cha Wamarekani Weusi kiitwacho Public Enemy, yaani Adui wa Umma, iliyotolewa mwaka 1988 kwa jina la It Takes a Nation of Millions to Hold Us Back. Kwa Kiswahili cha haraka haraka: kutuzuia sisi kunahitaji taifa zima la mamilioni. Ni muziki wa hip-hop, ule uliokuwa ukiitwa hapa kwetu muziki wa kufokafoka. Najua kuna atakayeuliza, "Hivi kelele zile nazo ni fasihi?" Asubiri, tutafika.

Hoja yangu ni hii: siasa ya albamu hii haimo katika maneno peke yake. Imo pia katika namna sauti za watu wengine zilivyochukuliwa, zikakatwa vipande na kushonwa upya. Ukiyatoa maneno ukayaandika kwenye karatasi na kuyahakiki kama mashairi ya diwani, nusu ya siasa unaiacha studio. Ushahidi ninaoutegemea zaidi ni wa kihistoria. Maneno ya albamu hii yaliuzwa madukani bila kipingamizi. Kilichokuja kubanwa na mahakama, miaka mitatu baadaye, ni ule mshono.

2.0 Walikotoka

Tuanze na watengenezaji. Carlton Ridenhour, anayejulikana zaidi kama Chuck D, alizaliwa New York mwaka 1960 akakulia Roosevelt, mji mdogo wa Long Island wenye wakazi wengi Weusi. Utotoni alihudhuria masomo ya likizo kuhusu historia na maisha ya Wamarekani Weusi yaliyotolewa katika vyuo vikuu vya hukohuko Long Island. Baadaye alisomea usanifu wa michoro katika Chuo Kikuu cha Adelphi, na akawa anachora katuni kwenye gazeti la wanafunzi. Nawaomba wale wanaotucheka sisi wa magazeti ya wanafunzi wasome sentensi hiyo mara mbili.

Adelphi walikuwa na kituo chao cha redio, WBAU. Hapo ndipo kundi lilipokusanyika: Chuck D mwenyewe, Bill Stephney, aliyekuwa akisimamia vipindi, Hank Shocklee, mwenye kikundi cha kupigia watu muziki kwenye madansi kilichoitwa Spectrum City, na William Drayton, yule Flavor Flav wa kuvaa saa kubwa shingoni. Kwa hiyo hawa si vijana waliookota maikrofoni barabarani. Ni watu waliokaa na santuri kwa miaka, wakijua ipi inawanyanyua watu vitini na ipi inawarudisha. Walikuwa wasomaji wa hadhira kabla ya kuwa watunzi.

Muktadha wa kisiasa nao si wa kupita juu juu. Ni miaka ya utawala wa Ronald Reagan, 1981 hadi 1989. Kokeini ya kuvuta iitwayo crack ilikuwa imeingia katika mitaa ya maskini wa mijini na kuwamaliza watu. Mwaka 1986 bunge la Marekani lilipitisha sheria ambayo kwayo mtu aliyekamatwa akifanya biashara ya gramu 5 za crack alipata kifungo cha chini kilekile, miaka mitano, alichopata mwenye gramu 500 za kokeini ya unga. Madawa ni yaleyale. Tofauti ni nani anatumia ipi. Crack ilihusishwa na Weusi, unga ukahusishwa na Weupe wenye fedha. Mtu akikuambia albamu hii ina hasira bila sababu, mpe hesabu hiyo.

Lakini tusiwafanye malaika. Rick Rubin wa lebo ya Def Jam alimfuata Chuck D kwa muda mrefu mpaka akakubali mkataba mwaka 1986, na Def Jam ilikuwa ikisambaziwa santuri zake na Columbia, moja ya kampuni kubwa kabisa za muziki duniani. Adui wa umma alikuwa akipelekwa madukani na malori ya mabepari. Mgongano huo umo ndani ya kazi yenyewe, na mhakiki asiufiche.

3.0 Mtambo, santuri na mikono

Albamu yao ya kwanza, Yo! Bum Rush the Show, ilitoka mwanzoni mwa 1987. Ilikuwa nzuri, ila dunia ya hip-hop ilikuwa ikikimbia. Mwaka huohuo Eric B. na Rakim walitoa wimbo "I Know You Got Soul", na kina Chuck D wakaona wazi kwamba wameachwa nyuma. Jibu lao lilikuwa "Rebel Without a Pause". Humo ndimo ilimozaliwa namna ya utengenezaji iliyokuja kutawala albamu ya pili.

Watayarishaji walijiita Bomb Squad, kikosi cha mabomu: Hank Shocklee, mdogo wake Keith, Eric Sadler na Chuck D mwenyewe, aliyetumia jina la Carl Ryder. Kazi waligawana. Sadler ndiye aliyekuwa mwanamuziki wa kupiga ala na kupanga mitambo. Keith na Chuck walileta santuri na masikio ya ukumbini. Hank alikuwa kama kiongozi wa bendi ambaye hapigi chombo chochote lakini hakuna sauti inayopita bila ruhusa yake. Yeye hakuvutiwa na usafi wa muziki. Sauti mbili zikigombana, zisipolingana hata ufunguo, wengine wangezitenganisha. Hank alizifungia chumba kimoja.

Chombo chao kikuu kilikuwa sampla, yaani mtambo wa kunasa kipande cha sauti na kukirudia. Walitumia hasa E-mu SP-1200 na Akai S900. SP-1200 ilikuwa na nafasi ya kunasa sekunde 10 tu kwa jumla. Si kila kipande sekunde 10, vyote pamoja! Watumiaji wa mtambo huo walizoea kuipiga santuri kwa kasi zaidi wakati wa kunasa ili kipande kichukue nafasi ndogo, halafu wakakipunguza mwendo ndani ya mtambo. Sauti ilitoka ikiwa na mchanga mchanga, kama redio ya betri inayoishia. Mtu wa studio ya kisasa angeita hiyo kasoro. Kwao ikawa ndiyo ladha, maana albamu nzima inazungumzia watu waliopewa nafasi finyu wakalazimika kuitumia hadi tone la mwisho.

Tena hawakuachia mashine ijipange yenyewe. Walikuwa wakikaa pamoja, huyu na santuri, yule na sampla, mwingine na mashine ya ngoma, wakipigapiga vipande kwa mikono kama bendi inayofanya mazoezi, huku kaseti ikirekodi. Katika fujo hiyo walitafuta pale ambapo mambo yamekubaliana kwa bahati, wakapachukua na kupajenga. Katika "Rebel Without a Pause" ni Flavor Flav aliyekuwa akibonyeza mdundo kwa mkono muda wote wa wimbo. Ndiyo maana mdundo ule unapumua. Ukisikiliza vizuri utasikia mtu nyuma ya chuma.

Juu ya mdundo huo wakaweka mlio wa saksafoni kutoka santuri ya The J.B.'s ya mwaka 1970, "The Grunt". Ni mlio wa nukta chache tu, lakini umerudiwa wimbo mzima, kama birika lililosahaulika jikoni. Mara ya kwanza unakera. Mara ya kumi unaanza kuelewa kwamba hukukusudiwa kupumzika. Wapenzi wa muziki laini wanazima redio. Wanaobaki wamejichagua wenyewe. Hiyo ni fani inayochambua hadhira, jamani, na hakuna neno hata moja lililotamkwa.

Kazi ya studio ilifanyika New York, zikiwemo studio za Chung King na Greene Street. Mpango ulikuwa albamu ya saa moja, nusu saa kila upande, kwa sababu walijua vijana wengi wanasikiliza kwa kaseti na hawapendi upande mmoja uishe mapema. Ilifika karibu dakika 58, nyimbo 16. Pande zenyewe hazikuitwa A na B bali Silver na Black, fedha na nyeusi. Kati ya nyimbo hakuna kimya. Pengo limezibwa kwa vipande vya hotuba, ving'ora na vifijo vya onesho walilofanya ukumbi wa Hammersmith Odeon, London, Novemba 1987. Hank akabadilisha mpangilio dakika za mwisho, upande uliokuwa wa pili ukawa wa kwanza, ili albamu ianze na king'ora na umati huo wa London. Angalia maana yake: Mmarekani anayenunua kaseti hii anakutana kwanza na watu wa nchi nyingine ambao tayari wanaishangilia. Anaambiwa, bila kuambiwa, kwamba yeye ndiye aliyechelewa.

4.0 Kahawa ya Malcolm

Sasa tuje kwenye vipande vyenyewe. Je, ni mapambo? Tuchukue wimbo "Bring the Noise", uliotoka kwanza mwaka 1987 pamoja na muziki wa filamu Less Than Zero. Unaanza na sauti ya Malcolm X iliyonaswa kutoka hotuba aliyoitoa Detroit Novemba 1963. Katika hotuba ile Malcolm alikuwa akilalamikia Maandamano ya Washington ya Agosti mwaka huo, akisema yalitekwa na wakubwa. Akatoa mfano wa kahawa: ikiwa nyeusi mno na kali mno, unaitia maziwa, ikishatiwa maziwa inapoa, inalegea, na badala ya kukuamsha inakulaza.

Bomb Squad hawakuchukua mfano mzima. Walichukua maneno machache tu yanayotaja weusi na ukali wa ile kahawa, wakayarudia, kisha ngoma zikalipuka. Mwenye kuijua hotuba anaumalizia mwenyewe mfano kichwani: anajua kwamba muziki unaofuata ni kahawa isiyotiwa maziwa. Asiyeijua anasikia sifa ya weusi na nguvu. Hadhira mbili, maana mbili, kipande kimoja. Na wale wenzangu wanaosema fani ni kikombe na maudhui ni kahawa, nawauliza: hapa kikombe ni kipi? Kukatwa kwa kipande ndiko kunakoleta maana. Kikombe chenyewe kinanyweka.

Hata ngoma zina kumbukumbu. Mdundo wa "Rebel Without a Pause" unatokana na "Funky Drummer" ya James Brown, iliyotoka 1970, ambapo mpiga ngoma Clyde Stubblefield aliachiwa nafasi peke yake kwa muda mfupi. Kwa kijana Mweusi aliyekulia Marekani ya miaka ile, ngoma hiyo si ngoma tu. James Brown ndiye aliyewaimbisha mwaka 1968 kwamba wautamke weusi wao kwa sauti na kwa fahari. Ukiipiga ngoma yake mwaka 1988 umerudisha mjadala wa miaka 20 iliyopita mezani, bila hotuba.

Jambo hili si geni kwetu hata kidogo. Mshairi wa Kiswahili anapochomeka methali katika ubeti anafanya nini kama si kunasa? Anachukua sauti ya wahenga, tena mara nyingi nusu yake tu, akijua msikilizaji ataimalizia. Ukisema "mgeni njoo" basi inatosha. Mwenye khanga naye hahitaji kufungua mdomo. Anapita tu mbele ya mbaya wake, maandishi yakasema. Hakuna anayemwita mwizi, kwa sababu tumekubaliana kwamba maneno hayo ni ya wote na ustadi uko katika kuyaweka mahali pake na wakati wake. Bomb Squad waliwafanya Malcolm X, James Brown na Jesse Jackson kuwa wahenga. Hilo ndilo jibu langu kwa aliyeuliza kama kelele zile ni fasihi. Ni fasihi simulizi iliyopata mashine.

5.0 Mfokaji na mwitikiaji

Katika utendaji wa sauti, albamu inategemea watu wawili. Chuck D ana sauti nzito ya mhubiri, haishuki, haitabasamu. Akiachwa peke yake kwa saa nzima angekuwa kama mwenyekiti wa tawi siku ya mkutano. Flavor Flav yupo ili hilo lisitokee. Anadakia, anacheka, anamchochea, anarudia neno la mwisho. Sisi tunamjua mtu huyo: ni mwitikiaji. Msimulizi akisema "Paukwa", lazima awepo wa kusema "Pakawa", vinginevyo hakuna hadithi. Wengi humwona Flav kama kichekesho tu. Naona wanakosea, kwa sababu ndiye anayeiweka hadhira ndani ya wimbo. Hasira ya Chuck bila masihara ya Flav ni risala.

Uhusiano huu unaonekana vizuri zaidi katika "Black Steel in the Hour of Chaos". Ni masimulizi ya mtu aliyeletewa barua ya kuitwa jeshini, akakataa kulitumikia taifa lisilomjali, akafungwa, na sasa anapanga kutoroka na wenzake. Mdundo hapa umepunguzwa mwendo, na kinanda kilichonaswa kutoka wimbo wa Isaac Hayes wa mwaka 1969 kinazunguka palepale, noti zilezile, kama mfungwa anayepima urefu wa chumba kwa hatua. Sauti ya Flav inasikika kwa mbali, kama ya mtu aliye upande wa pili wa simu. Yeye yuko nje, mwenzake ndani. Ukuta wa gereza haukuelezwa kwa maneno. Umejengwa kwa ubora wa sauti.

Jalada la albamu, lililopigwa picha na Glen E. Friedman, nalo linawaonesha Chuck D na Flavor Flav ndani ya nondo. Hapa haiwezekani mwanafunzi wa Kiswahili asikumbuke Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, mashairi yaliyotungwa gerezani Kenya kati ya 1969 na 1972 na kuchapishwa 1973. Tofauti ni kubwa na lazima isemwe: Abdilatif alifungwa kweli, kwa sababu ya maandishi yake, kina Chuck D walipigwa picha. Lakini kuna jambo linalowaunganisha. Abdilatif aliishika mizani na vina barabara mle kifunguoni, na ukali wa nidhamu ile ni sehemu ya ujumbe: mwili mmeufunga, utunzi hamjaugusa. Kina Chuck D walichagua njia iliyo kinyume, fujo badala ya mizani, lakini nao wanataka kuonesha kwamba aliyebanwa bado anamiliki umbo.

6.0 Kasoro

Uhakiki si kupiga makofi. Albamu hii ina madoa, na mengine ni makubwa.

La kwanza ni mwanamke. Katika "Don't Believe the Hype" vyombo vya habari vinashambuliwa kama mfumo: wenye magazeti na redio wanapotosha, msiwaamini. Sawa. Lakini katika "She Watch Channel Zero?!" suala lilelile la televisheni linapofika nyumbani, mfumo unasahaulika na lawama anatwishwa mama anayetazama michezo ya kuigiza. Gitaa zito lililonaswa kutoka kwa kikundi cha Slayer linamfokea, wanaume wanamfokea, na yeye hapewi ubeti wa kujibu. Hapo fani inawasaliti watunzi wake. Katika albamu iliyokaribisha sauti za kila aina, kuanzia wahubiri hadi ving'ora, anayezungumziwa ndiye aliyekosa sauti. Msomaji wa dhamira peke yake ataandika "mwanamke amechorwa kama mvivu" akaendelea. Mimi nasema tazama nani ameshonwa ndani na nani ameachwa nje ya kitambaa.

La pili ni kwamba hasira ya haki si kinga dhidi ya chuki. Mei 1989 Professor Griff, mmoja wa watu wa kikundi, alitoa kwa gazeti la Washington Times matamshi ya chuki dhidi ya Wayahudi. Kikundi kiliyumba vibaya, leo hiki kesho kile, hadi Griff akaondoka. Wapo wanaosema hayo ni mambo ya nje ya kazi ya sanaa. Sikubaliani nao moja kwa moja. Anayedai kuzungumza kwa niaba ya walioonewa, halafu akamwonea mwingine, anaipunguzia kazi yake mwenyewe uzito.

7.0 Mahakama na mshono

Nimeahidi ushahidi wa kihistoria, na huu hapa. Katika albamu hii kuna wimbo "Caught, Can We Get a Witness?". Mzungumzaji yuko kizimbani, ameshtakiwa kwa kuiba mdundo. Anajitetea kwamba mdundo kwake ni kama madini aliyoyakuta ardhini. Mwaka 1988 hilo lilisikika kama utani, kwani vipande vingi vya hip-hop vilitumiwa bila ruhusa wala malipo na kesi zilikuwa chache.

Utani ukawa kweli. Tarehe 17 Desemba 1991 Jaji Kevin Duffy wa mahakama ya New York alitoa hukumu katika kesi ya Grand Upright dhidi ya Warner Bros., iliyohusu mfokaji Biz Markie kunasa wimbo wa Gilbert O'Sullivan. Hukumu ilifunguliwa na amri ya Biblia inayokataza wizi, na jaji akapendekeza hata mashtaka ya jinai yafikiriwe. Tangu hapo kila kipande kilihitaji ruhusa, tena mara nyingi ya watu wawili: mwenye utunzi na mwenye rekodi. Kwa wimbo wenye kipande kimoja kikubwa, hilo linawezekana ukiwa na fedha. Kwa wimbo kama "Night of the Living Baseheads", kuhusu watu walioteketezwa na crack, ambao umeshonwa kwa zaidi ya dazeni ya vipande vidogo vidogo, hesabu haifungi. Chuck D na Hank Shocklee wenyewe wameeleza baadaye kwamba gharama za madai ya aina hiyo, yaliyokuwa yameanza hata kabla ya hukumu, ziliwalazimisha kubadilisha namna yao ya kutengeneza muziki.

Mtu atasema: lakini wenye nyimbo walipwe, jasho ni lao. Kweli kabisa. Basi tumuulize Clyde Stubblefield. Ngoma yake imenaswa katika mamia ya nyimbo duniani. Alipofariki mwaka 2017 alikuwa hajapata ila kidogo mno kutokana nazo, kwa sababu haki za "Funky Drummer" hazikuwa zake. Yeye alikuwa mpigaji wa kulipwa tu. Kwa hiyo sheria haikuja kumlinda mkono uliopiga. Ililinda karatasi iliyoandikwa jina. Aliyenasa bila kulipa alimdhulumu Stubblefield, na aliyelipwa baada ya hukumu vilevile hakuwa Stubblefield. Swali la albamu, sauti za jana ni mali ya nani, halikujibiwa mahakamani. Lilipangiwa bei tu.

Na bei ni aina ya udhibiti. Albamu hii iliuza zaidi ya nakala milioni moja Marekani, na wahakiki waliopigiwa kura na gazeti la Village Voice waliichagua albamu bora ya 1988. Maneno yake yakabaki huru, ukayanunua popote. Lakini kijana wa mwaka 1992 aliyetaka kusema kwa namna ile, yaani kuwaita wahenga wake wote kwa pamoja ndani ya wimbo mmoja, alikuta mlango una kufuli. Anayedhani siasa imo kwenye maneno tu hawezi hata kukiona kilichopotea.

8.0 Hitimisho

Haya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana. Tulikuwa na mgogoro wetu wa ushairi, wanamapokeo na wanamabadiliko wakirushiana maneno kuhusu vina na mizani, na kiini chake kilikuwa kilekile: je, umbo ni sheria, ni urithi, au ni silaha? Wakati makabila hayo mawili yakizozana vitabuni, ushairi wa kusikilizwa ukaendelea na safari zake. Mwaka 1991 Saleh Jabir alishinda Dar es Salaam shindano la Yo! Rap Bonanza akifoka kwa Kiswahili juu ya midundo ya Wamarekani. Miaka kumi baadaye, 2001, Profesa Jay akatoa Machozi, Jasho na Damu, na wimbo wake kuhusu ahadi za wanasiasa ukaingia katika mazungumzo ya mitaani. Yeye na Sugu wote walikuja kuwa wabunge. Nyimbo zao zinahakikiwa sasa vyuoni, jambo zuri. Ila nyingi ya tasnifu hizo zinafanya yaleyale niliyoyalalamikia: mashairi yananakiliwa, dhamira zinahesabiwa, mdundo haupo.

Pendekezo langu ni dogo. Tunapohakiki wimbo, maswali yaanzie kwenye utengenezaji. Mdundo umetoka wapi, na nani aliulipia? Nani ameruhusiwa kuingiza sauti, nani amefanywa mada bila kupewa zamu? Mtambo uliwabana wapi, nao wakaugeuza vipi mbano huo kuwa mtindo? Baada ya hapo dhamira zitakuja zenyewe, tena zikiwa na damu.

Najua wapo watakaonipinga, hasa wale wa "hiyo kazi iachieni idara ya muziki". Karibuni ulingoni. Ila kabla hamjashika kalamu, tafuteni albamu yenyewe muisikilize yote, dakika 58, kwa sauti ya juu. Majirani wakilalamika, mjue mmeanza kuielewa.